"Namwachia Mungu": namna ya kuutua mzigo kweli

Jambo likitushinda, tunasema "namwachia Mungu". Mara nyingi maana yake ni kwamba tumechoka kulizungumzia, au tunangoja Mungu amwadhibu aliyetuumiza. Huko bado si kujikabidhi. Petro anaandika "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote" (1 Petro 5:7), na kitenzi cha Kigiriki alichotumia ndicho kilichomo katika Luka 19:35, wanafunzi walipotupa mavazi yao juu ya mwana-punda. Anayetwika huachia mikono.

Anza kwa kulitaja jambo lenyewe. Sala ya "nakukabidhi maisha yangu yote" ni njema, lakini mtu anaweza kuiomba miaka mingi asiachie chochote. Sema: ada ya muhula huu, majibu ya vipimo, mtoto asiyepokea simu. Mfalme Hezekia wa Yuda alipoletewa barua ya vitisho ya Waashuri, alipanda nayo nyumbani kwa Bwana akaikunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Nawe kunjua karatasi yako mezani unapoomba, iwe ni bili au barua ya kuachishwa kazi.

Kisha shika Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu, na uzuri wake ni kwamba haikuharakishi kufurahi. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" mara 4. Aya ya 3 na 4 ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini na wimbo. Isome kwa sauti, na kila baada ya aya 2 simama useme ya kwako kwa lugha unayoiotea ndoto. Dakika 15 zinatosha. Wengi huruka malalamiko wakidhani ni kukosa imani, wakaanza na sifa, na uchungu usiosemwa ukawaamsha usiku wa manane.

Hata ukiomba vizuri, wasiwasi unaweza kurudi. Yesu kule Gethsemane aliomba mara 3, ya mwisho kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Kwa hiyo usiku ukishtuka, usianze kujilaumu. Rudia sentensi yake moja, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe", na uirudie tena. Angalia pia kilichofuata: kikombe cha mateso alichoomba kiondolewe hakikuondolewa, ila malaika alimtia nguvu (Luka 22:43), naye akawaambia wanafunzi, "Ondokeni, twende zetu." Aliinuka akaenda.

Ndiyo maana baada ya sala kuna kazi. Gawa karatasi mara mbili: upande mmoja yaliyo yako, wa pili yaliyo ya Mungu. Kumeza dawa ni kwako, kupona ni kwake. Kumpigia anayekudai ni kwako, moyo wake ni kwa Mungu. Na anayepigwa nyumbani asiambiwe kamwe kwamba kukaa pale ndiko kujikabidhi. Aondoke aende mahali salama, aombe akiwa huko.

Na furaha? "Furaha ya Bwana ni nguvu zenu" (Nehemia 8:10) iliambiwa watu waliokuwa wakilia, na aya hiyo hiyo inawaagiza wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu asiyeandaliwa kitu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo uliyoomba, shida ikiwa bado ipo, pika, funika sahani moja uipeleke kwa jirani.