Maswali Yenu Kuhusu Chati ya Kuzaliwa

Swali: Kwa tarehe yangu ya kuzaliwa mimi ni Simba. Lakini mzee mmoja hapa Tanga alipiga hesabu ya jina langu na la mama, akasema nyota yangu ni Kaa. Nishike ipi?

Jibu: Hizo ni hesabu mbili zisizohusiana. Mzee alitumia abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Tuseme wewe ni Ali na mama ni Mariamu: Ali ni ain 70, lam 30 na ya 10, jumla 110. Mariamu kwa herufi za Kiarabu ni 290. Jumla ya majina hayo ni 400. Ondoa 12 mpaka isiwezekane tena, zinabaki 4, na nyota ya nne kuanzia Hamali, yaani Kondoo, ni Saratani, ndiyo Kaa. Hapo mbingu haikutazamwa kabisa. Chati ya kuzaliwa haina haja na jina lako. Ni mchoro wa anga lilivyokuwa ulipozaliwa, likitazamwa kutoka mji uliozaliwa.

Swali: Mbona programu ya simu inadai saa? Tarehe haitoshi?

Jibu: Kwa Jua inatosha, maana hukaa katika buruji moja, yaani moja ya zile nyota 12 kama Simba au Kaa, karibu mwezi mzima. Mwezi hukaa takriban siku mbili na nusu, kwa hiyo mara nyingi nao unapatikana. Lakini buruji inayochomoza mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na nyumba zote 12 za chati, yaani sehemu zake zinazogawanya mambo ya maisha, huhesabiwa kuanzia hapo.

Nasisitiza hapa kwa sababu chati nyingi za kwetu huharibikia kwenye saa. Programu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mama akisema ulizaliwa saa 3 usiku, andika 21:00, wala si 03:00. Na siku pia mwulize vizuri: kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kalenda bado inasema Alhamisi. Aliyezaliwa Goma au Bukavu ahakikishe imewekwa saa ya huko, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Kama kadi ya kliniki imepotea, uliza adhana ipi ilikuwa ikisikika. Huku karibu na ikweta saa ya adhana ya magharibi haisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa.

Swali: Nimezaliwa 23 Agosti. Simba au Mashuke?

Jibu: Inategemea mwaka na saa. Jua huvuka kuingia Mashuke kwenye tarehe 22 au 23, kwa wakati tofauti kila mwaka. Nusu kwa nusu hakuna.

Swali: Nyumba yangu ya saba, ya ndoa, ni tupu. Mtaalamu mmoja anataka fedha aifungue. Nina miaka 34 na naogopa.

Jibu: Dada yangu, usimpe hata senti. Nyumba ni 12, na vinavyowekwa humo kwa kawaida ni kumi: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Urani, Neptuni na Pluto. Hata kila kimoja kikae peke yake, nyumba mbili lazima zibaki tupu. Hakuna binadamu ambaye chati yake imejaa. Kanuni ya wanajimu ni kutazama buruji iliyo mlangoni mwa nyumba hiyo, kisha kumtafuta mtawala wake, yaani sayari inayoiongoza buruji hiyo. Ikiwa ni Mizani, wanamtafuta Zuhura alipo, basi. Cha kufunguliwa hakipo.

Naipenda elimu hii ya kale, na kwa sababu hiyo hiyo sitakuficha jambo. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson. Wanajimu walipewa chati ya mtu pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yapi ni ya mwenye chati. Walipatia kwa kiasi kile kile ambacho mtu angepatia kwa kubahatisha. Chati haiwezi kukuzuilia ndoa. Huyo mtu akiendelea kukutisha kwa ujumbe wa simu, usizifute jumbe zake. Zipeleke polisi.