Kakadu na watoto: msiende Desemba

Dada, umeuliza kama Desemba inafaa kuwapeleka watoto wakalale kwenye hema Kakadu, hifadhi ya taifa kaskazini mwa Australia. Hapana, tafadhali subirini Juni au Julai. Desemba ni masika ya huko: joto linakaba, mito inajaa, njia nyingi za vumbi hufungwa.

Kutoka jiji la Darwin hadi Jabiru, mji mdogo ulio ndani ya Kakadu, ni kama kilomita 250, lami tupu. Jua likizama msiwe barabarani, kangaruu hukatiza ghafla. Malori ya kule huvuta matela matatu hata manne, mengine yanafika mita 53, kwa hiyo kuyapita kunataka subira.

Kubwa ni mamba. Hema likae angalau mita 50 kutoka ukingoni, na msichote maji wala kuosha vyombo mahali pale pale kila siku, maana mamba huvizia mazoea. Watoto wakililia kuogelea, wapelekeni chemchemi ya Mataranka, kusini mwa mji wa Katherine. Someni kibao cha tahadhari kwanza. Wangu waligoma kutoka majini.

Na jioni moja pandeni Ubirr, kwenye michoro ya kale ya mwambani, mkaone jua likitua juu ya mbuga.