Usiyakimbie mafuta ya shea kwa ajili ya harufu

Mimi nimekulia Tanga, na kwetu ngozi ikipauka dawa ni mafuta ya nazi. Nilipohamia Gulu, kaskazini mwa Uganda, kiangazi cha kwanza kilinitia adabu: upepo mkavu wa Januari, midomo ikachanika, magaga yakanifanya nitembee kwa ncha za vidole. Mama mwenye nyumba akaniletea chupa ya mafuta ya manjano. "Moo yaa," akasema, yaani mafuta ya shea, yatokanayo na kokwa za mti wa mshea. Nilinusa, nikasikia moshi na kokwa zilizokaangwa, nikaifunga. Nikanunua shea nyeupe ya dukani, isiyo na harufu. Wiki mbili zikapita, magaga palepale.

Mama alipogundua, hakunigombeza. Alinikalisha uani nijifunze yanavyotengenezwa. Kina mama huokota matunda ya mshea yaliyoanguka, nyama yake huliwa, kokwa huanikwa, hupasuliwa, hukaangwa, hutwangwa na kusagwa, kisha unga wake hukandwa kwa maji mpaka mafuta yaelee, yakachemshwa. Ule moshi ndio alama ya kazi yao. Mafuta hayo hayo hupakwa watoto wachanga, humiminwa juu ya mbaazi zilizopondwa (jaribu, utanishukuru), na kwa Waacholi, wenyeji wa Gulu, hupakwa chifu anaposimikwa. Ndiyo maana chifu huitwa rwot moo, yaani chifu aliyepakwa mafuta.

Na historia yake ni ndefu. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri kwenda Mali mwaka 1352 na kuandika juu ya mafuta ya tunda ambalo wengi wanaamini ni shea. Watu waliyapikia, waliwashia taa, walijipaka, na hata waliyachanganya na udongo kusiriba nyumba.

Sasa mimi hufanya hivi. Nikitoka kuoga, ngozi ingali na unyevu, nachukua kiasi cha punje ya karanga, nayayeyusha viganjani, najipaka. Miguu naisugua kwa jiwe, napaka mengi usiku, navaa soksi. Chombo nakiweka kivulini na sichoti kwa kidole chenye maji, yasije yakachacha. Ukiwa na mzio wa kokwa, jaribu kidogo kwanza mkononi. Na usishtuke yakiwa laini au yameyeyuka: shea ya upande wa Nile ni laini kuliko ile ngumu ya Ghana au Burkina Faso.

Ukinunua, uliza yametoka kwa nani. Mshea huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, lakini msumeno huuangusha kwa asubuhi moja ili uchomwe mkaa. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa Acholi, na bado magunia yanapita. Nyuma ya nyumba ya mama yule kuna visiki viwili. Mti wa tatu bado umesimama, na chupa yangu ya sasa imetoka hapo.