Bosi kakataa malengo yangu ya mpango wa dharura, niandike nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Moshi, nafanya kazi ofisini kwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, sio kubwa ila msimu ukichanganya tunakuwa na makundi matatu manne juu kwa wakati mmoja. Bosi kaniambia niandae mpango wa mawasiliano wakati wa dharura, nikaandika malengo matatu: kulinda jina la kampuni, kutoa taarifa sahihi kwa wakati, na kudumisha imani ya wateja. Kayarudisha, anasema hayo ni maneno ya kwenye kalenda. Niandike nini sasa? Na je tumlipe mtaalamu wa Arusha atuandikie?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Bosi wako ana pointi, usikasirike. "Kwa wakati" ni saa ngapi? Na taarifa anapewa nani? Lengo la kulinda jina ndo baya kuliko yote maana siku mambo yakiharibika litawafanya mkae kimya mkisubiri wakili, huku mjini kila mtu anajua.

Anza na watu. Chukua mfano wa kweli, usiku wa kilele. Makundi yanatoka kambi ya Barafu kwenye saa sita usiku ili yafike kilele cha Uhuru kunapambazuka, kwahiyo mtu akizidiwa na hewa nyembamba huko juu inakuwa saa tisa, saa kumi alfajiri, ofisi imefungwa, mwongozaji anahangaika kumshusha na mtandao unakuja na kukata. Nani anapokea simu hiyo? Hapo ndo lengo lako la kwanza, andika hivi: saa yoyote ya usiku, simu au redio ya upepo kutoka mlimani inapokelewa na mtu mwenye jina, na ndani ya dakika 15 bosi anajua. Hilo linapimika, ama limetokea ama halijatokea.

La pili ni familia, na hapa ndo kampuni nyingi zinateleza kwa maoni yangu. Mgeni ana fomu imejaa kila kitu, bima, namba ya mke, mpaka mzio wa karanga, mpagazi wa Kibosho ana jina moja na namba ya simu ambayo alishabadilisha laini zamani. Afu akiumia, mama yake anasikia sokoni Mbuyuni kutoka kwa mtu aliyeona picha kwenye stetasi ya mtu. Andika: hakuna anayepita getini, awe mgeni, mpishi au mpagazi, bila namba mbili za ndugu zilizopigwa na kupokelewa msimu huu, na likitokea jambo ndugu anaongea na mtu wa kampuni ndani ya saa moja, kwa simu sio meseji, kabla jina halijatajwa popote. Kwa wageni kumbuka saa pia, Moshi ikiwa saa nne asubuhi New York ni saa nane au tisa usiku, usisubiri kuche kwao.

La tatu ni mitandao. Kuandika "wafanyakazi wasiposti" ni kujidanganya, watu hamsini wana simu. Bora useme ndani ya nusu saa kila mwongozaji aliyepo mlimani na kila mtu wa ofisini awe na sentensi zilezile mbili tatu: tunachojua, tunachofanya, na saa ngapi tutaongea tena. Chanzo cha kifo waachie daktari na polisi, mambo ya hifadhi waachie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama ule moto uliowaka Kilimanjaro Oktoba 2020, kampuni ilikuwa na la kusema kuhusu wageni wake tu basi. Na habari za ugonjwa wa mtu zina ulinzi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, msizigawe kwenye magrupu.

Jina la kampuni je? Angalia Johnson & Johnson, kampuni ya dawa ya Marekani, 1982 watu saba walikufa maeneo ya Chicago baada ya mtu kutia sianidi kwenye vidonge vyao vya maumivu vya Tylenol. Wakaondoa madukani chupa kama milioni 31, hasara kubwa mno, na dawa ikarudi sokoni ikauzika. Ila tangu 1943 walikuwa na waraka unaotaja wanaotumia bidhaa zao kwanza na wenye hisa mwisho, yani mpangilio ulishaandikwa kabla ya sumu.

Malengo yako yajaribuni Aprili, mvua ya masika ikiwa imepunguza wageni. Mtu mmoja apige simu ya uongo Jumapili saa kumi alfajiri, mwingine ashike saa. Mkifeli punguzeni malengo au ongezeni mtu wa zamu, msibadilishe maneno.

Kuhusu mtaalamu wa Arusha, mlipeni kwa siku moja awafundishe kuongea na waandishi wa habari na asimamie hilo zoezi. Malengo andikeni wenyewe, ukiwa umekaa na waongozaji wawili watatu wazoefu, na mpagazi mmoja asiyemuogopa bosi.