Protini viashiria au viashiria vya protini?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na nimepewa jukumu la kuandika karatasi ya maelezo kwa akina mama wanaokuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Sisi kwa sisi huku maabara tunasema "bayomaka", yaani kitu mwilini kinachoashiria ugonjwa. Nimeandika hivi: "Viashiria vya protini kama p16 na Ki-67 vikipatikana, hizo ni dalili za saratani na matokeo ni chanya." Mwenzangu anashikilia kuwa niandike "alama za protini". Nani yuko sahihi?

JIBU: Neno lako "kiashiria" ni zuri, lishike. Kinachoniumiza ni "vya" iliyolifuata, na zaidi ya hiyo ni "dalili" na "chanya", maneno mawili ambayo hukuyauliza. Mimi ningeiandika karatasi hiyo hivi: "Seli zilizochukuliwa kwenye mlango wa kizazi zikichunguzwa, na protini za p16 na Ki-67 zikaonekana pamoja ndani ya seli moja, hiyo huashiria kwamba seli zimeanza kubadilika na zisipotibiwa huenda zikageuka kuwa saratani. Hata kama huna dalili yoyote, rudi kliniki upimwe zaidi." Sababu zangu ni hizi.

Magazetini tunasoma "viashiria vya umaskini" na "viashiria vya ukame", na kila mtu anaelewa kuwa ni mambo yanayotujulisha kwamba umaskini upo au ukame unakuja. Kwa mkondo huo, "viashiria vya protini" ni vitu vinavyotujulisha kuwa protini ipo. Wewe unakusudia jambo jingine kabisa: protini ndiyo inayoashiria, saratani ndiyo inayoashiriwa. Tena msomaji wako si mgeni wa neno protini. Mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito amepimwa mkojo, pengine akaambiwa protini imeonekana, akaelezwa habari za presha na kifafa cha mimba. Akiona "viashiria vya protini" mawazo yake yatakwenda kwenye chupa ya mkojo, na sentensi nzima itakuwa imempotea.

Ukitaka kutaja jambo hili kwa ujumla, sema "viashiria vya saratani". Ukitaka kubainisha kwamba viashiria hivyo ni protini, sema "protini kiashiria", na kwa wingi "protini viashiria". Muundo huu si mgeni. Tunasema nchi mwanachama na nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nomino mbili zikakaa bega kwa bega bila a-unganifu, kama hiyo "vya" yako, katikati. Na kama ilivyo "nchi wanachama zimekubaliana", upatanisho unafuata nomino ya kwanza: "protini viashiria zimeonekana", si "vimeonekana". Hayo ni ya ripoti na ya mazungumzo yenu maabara. Kwenye karatasi ya akina mama, kitenzi kinatosha: "protini zinazoashiria saratani".

"Alama" ya mwenzako si kosa la lugha, ila ina kazi nyingine papo hapo kliniki. Nesi akipaka siki, yaani asidi ya asetiki iliyozimuliwa, kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, naye huiona kwa macho. Hiyo ndiyo alama. Protini haionekani kwa macho, inahitaji rangi na hadubini. Tukiziita zote alama, mama aliyeambiwa jana kuwa hakuna alama nyeupe atashangaa leo kuambiwa ana alama.

Sasa "dalili". Hapa naomba uniwie radhi kwa ukali, kwa sababu neno hili linaweza kumfanya mtu abaki nyumbani. Kwa Mswahili yeyote, dalili ya ugonjwa ni kile anachokihisi au kukiona mwenyewe mwilini: kutokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya nyonga. Mabadiliko ya awali ya seli kwa kawaida hayana hata moja kati ya hayo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kutoka seli kuanza kuharibika hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10. Miaka yote hiyo anapika, analima, anapanda matatu kwenda sokoni Kibuye, na akiulizwa atasema, kwa haki kabisa, "sina dalili". Faida ya protini hizi ni kwamba zinaonekana katika kipindi hicho. Ukiziita dalili, umemwambia kuwa kama hahisi chochote basi hana haja ya kupimwa.

Kuna na "hizo ni dalili za saratani", kana kwamba jambo limekwisha. Kuashiria si kuthibitisha, na Kiswahili kimetupa vitenzi viwili ili tusivichanganye. Katika seli yenye afya, p16 hufanya kazi kama breki, inaizuia seli isigawanyike ovyo. Virusi vya HPV, ambavyo ndivyo husababisha saratani hii, vina protini yao, E7, ambayo huilemaza protini nyingine ya mwili iitwayo pRb, na p16 hufanya kazi kwa kupitia hiyo pRb. Basi seli huzidi kutengeneza p16 kwa wingi, lakini haizuii kitu tena. Ki-67 nayo huonekana kwenye seli iliyo katika harakati za kugawanyika. Mnapotia rangi, p16 ikatoka kahawia na kiini kikawa chekundu kwa Ki-67, ndani ya seli ile ile moja, mmeona mambo mawili yasiyopaswa kukutana. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kipimo hiki kama njia ya kuwachuja wanawake waliokwisha kupatikana na HPV. Lakini kinachothibitisha saratani ni kipande cha nyama kilichokatwa na kuchunguzwa. Hali kadhalika protini ya SCC inayopimwa kwenye damu: huwasaidia madaktari kumfuatilia mgonjwa baada ya matibabu, lakini inaweza kupanda hata kwa mtu mwenye maradhi ya ngozi au ya figo. Kwa hiyo andika "inaashiria" penye kuashiria, na "imethibitishwa" uiweke hadi kipande kitakaporudi.

Majina yenyewe pia yana mtego. Nimeona ripoti iliyoandikwa "Ki-67 kimeonekana", kana kwamba hiyo Ki ni kiambishi chetu cha ngeli ya KI-VI. Sivyo. Inatokana na Kiel, mji wa Ujerumani ilikotengenezwa kingamwili iliyotumika kuitambua, na 67 ilikuwa namba yake kwenye sahani ya maabara yenye vishimo 96. Ni protini, hivyo "Ki-67 imeonekana". Na p16 isisimame peke yake kwenye karatasi inayotaja pia HPV 16, kwa kuwa 16 hizo mbili zimefanana kwa bahati tu. Ya p16 ni uzito wa protini, takriban kilodaltoni 16, kilodaltoni ikiwa kipimo cha uzito wa molekuli. Ya HPV ni namba ya aina ya kirusi, na aina ya 16 pamoja na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Tanguliza nomino kila mara: "protini ya p16", "HPV aina ya 16".

Umefanya vyema, kwa njia, kuandika "mlango wa kizazi" badala ya "njia ya uzazi" inayopendwa na baadhi ya vyombo vya habari. Njia ya uzazi ni pana mno, na wapo wanaoisikia kama njia za kupanga uzazi, wakaanza kuogopa sindano na vidonge.

Limebaki "chanya". Katika maongezi ya kawaida chanya ni jambo jema: maoni chanya, mabadiliko chanya. Nina hakika wapo wanaosoma "matokeo ni chanya" wakamshukuru Mungu. Na kule kwenu kuna tatizo la pili. Katika kaunti za ziwani, mtu akisikia "ako positive" anajua kinachosemwa ni VVU, na kliniki za wanaoishi na VVU mara nyingi ndizo zinazowapima wanawake saratani hii, kwa kuwa hatari yao ya kuipata ni mara 6 ya wengine. Mama anayemeza dawa zake kila siku akiambiwa yu chanya, atajibu kuwa hilo analijua tangu zamani, akachukua mkoba wake akaondoka. Mwingine asiye na VVU ataondoka akiamini ameambukizwa, na hapo hata nyumba inaweza kuvunjika. Acheni chanya na hasi kwenye fomu zenu za ndani. Mkiongea naye, taja kitu chenyewe na kitenzi chake: "Virusi vya HPV vimepatikana." "Protini tulizokuwa tukizitafuta hazikuonekana." Akiuliza kama hiyo ni VVU, mjibu moja kwa moja kuwa hivi ni virusi vingine, kisha umpe tarehe ya kurudi.