Ukiwekewa mbegu za mionzi kwenye tezi dume, kasheshe ni mkojo

Kila anayesikia nimewekewa mbegu za mionzi kutibu kansa ya tezi dume, swali lake la kwanza ni hilo hilo, si utatuunguza wote humu ndani? Hapana bwana. Mbegu yenyewe ni kijibomba cha titani kidogo kuliko punje ya mchele, ndani kuna ayodini 125 ambayo mionzi yake haifiki mbali, nyingi inaishia humo humo kwenye tezi, na kila baada ya siku kama 60 nguvu yake inapungua nusu. Hazitolewi, utazeeka nazo.

Kuwekewa wala hakutishi, unapigwa ganzi, daktari anapitisha sindano kati ya korodani na njia ya haja kubwa huku anaangalia kwenye ultrasaundi, mbegu zinaweza kufika hata 100, na wengi wanaruhusiwa siku hiyo hiyo.

Sasa mkojo. Unachoma, unatoka kwa kudonoa donoa, usiku chooni ndo kama umehamia, na hali hii inaweza kuvuta miezi. Mi nilikombolewa na tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, kwa hiyo muulize daktari wako mapema usisubiri uteseke kwanza. Mkojo ukigoma kabisa usingoje kukuche, wahi hospitali wakuwekee mpira wa kutolea mkojo. Na kama hata kabla ya matibabu ulikuwa unakojoa kwa shida sema ukweli, wanaweza kukushauri njia nyingine.

Siku za mwanzo kojoa kwenye chujio. Mbegu ikitoka usiiguse kwa vidole, ichukue kwa kijiko au kibanio, tia kwenye kichupa, weka mbali na watu halafu wapigie hospitali. Kondomu pia mwanzoni tumia, na shahawa zikiwa na rangi ya damu usishtuke.

Wajukuu kuwakumbatia ruksa, ila kuwapakata muda mrefu subiri kama miezi miwili hivi, na mjamzito asikae ubavuni kwako masaa. Mke mnalala kitanda kimoja kama kawa, labda awe mjamzito.

Halafu PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, hii inatoa watu roho bure. Mwaka wa kwanza au wa pili inaweza kupanda kidogo afu ikashuka yenyewe bila kansa kurudi, yangu ilifanya hivyo hivyo na usingizi ukanipaa, daktari akasema tulia tupime tena, kweli ikashuka. Usikubali kuanzishiwa dawa nyingine kwa kipimo kimoja tu.

Na ile kadi wanayokupa hospitali ya kuonyesha una mbegu za mionzi tembea nayo, mashine za uwanja wa ndege zinaweza kukulilia.