Kuhamisha Yuniti Ukibadilisha Kozi: Maswali ya Wasomaji

Mwalimu, nimemaliza mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta na sasa nahamia shahada ya biashara. Je, yuniti zangu zote, yaani masomo niliyokwisha kusoma, zitahesabiwa? (Msomaji, Kasarani)

La, si zote. Yuniti haihami kwa jina lake, bali kwa yaliyofundishwa ndani yake, kiwango chake, na saa zake, ambazo kwa kawaida ni 45 za mihadhara. Takwimu, hisabati ya msingi na stadi za mawasiliano huvuka kwa urahisi, kwa kuwa shahada nyingi huwa nazo. Masomo ya kuunda programu huenda yakapokewa kama yuniti za hiari, au yakakataliwa kabisa.

Nilipokuwa kwenye kamati ya kukagua maombi haya, mwanafunzi mmoja alituletea transkripti pekee, yaani orodha ya masomo na alama zake. Iliandikwa "Takwimu I", nasi hatukuweza kujua kama alifika kwenye upimaji wa nadharia tete au aliishia kwenye wastani. Alirudi juma lililofuata na muhtasari wa kozi uliokunjwa mara nne, wenye mada za kila wiki na muhuri wa idara. Mhadhiri wa takwimu aliteremsha kidole hadi wiki ya tisa, akaitikia kwa kichwa, na yuniti ikapita. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi watunze muhtasari wa kila kozi tangu siku wanapopewa, maana kuutafuta baada ya mhadhiri kuhama chuo ni taabu kubwa.

Nina diploma ya uhasibu. Je, nitaanzia mwaka wa pili wa shahada? (Msomaji, Umoja)

Inawezekana, ila si haki inayokuja yenyewe. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu nchini Kenya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2014, diploma iko ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7, hivyo idara hulinganisha masomo ya ngazi mbili tofauti na kuamua moja baada ya jingine.

KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ilinipeleka ualimu, nami nataka uhandisi. Nikihamishwa, yuniti zitanifuata? (Msomaji, Rongai)

Hayo ni mambo mawili. KUCCPS huangalia kama alama zako za klasta, yaani za masomo yanayohitajika kwa kozi hiyo, zinafikia kiwango cha kozi unayoitaka. Yuniti hukaguliwa na kitivo kinachokupokea, tena kwa ombi lako mwenyewe.

Nilipata D katika yuniti moja. Itahamishwa?

Mara nyingi hapana, kwani vyuo vingi hudai angalau C.

Nimeambiwa kwa simu kwamba nimekubaliwa. Nilipe karo? (Mzazi, Buruburu)

Ngoja barua, mzazi mwenzangu. Nimeona familia zilizolipa kwa kuamini maneno ya mdomo, kisha kijana akaambiwa aanze upya mwaka wa kwanza. Barua inayosema tu "umekubaliwa" haitoshi: itaje kila yuniti iliyopokewa, yuniti ya chuo kipya inayochukua nafasi yake, na mihula iliyobaki, na iwe na sahihi ya msajili wa taaluma.